Nani Aisemeaye Afrika ya Mashariki Katika Mabaraza ya Dunia?

Mji wa Sultan Hamud, ulio katika Kaunti ya Makueni, wakaa juu ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Jina lake ni la Sultan Hamud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hata 1902, miaka ile ile ambayo reli ya Uganda ilikuwa ikijengwa kupita nchi ya Wakamba. Mchana na usiku malori hupita hapo yakichukua ngano, mafuta, mabati na mbolea, na mengi katika hayo safari yake haiishii Kenya. Mengine yaenda Uganda, mengine Rwanda, mengine Sudan ya Kusini, na mengine hufika mashariki ya Kongo. Wenye hoteli na wauza matunda wa kando ya njia hawahitaji ramani ili kuzijua nchi hizo. Wazijua kwa namba za malori na kwa maneno ya madereva.

Nchi zote hizo, pamoja na Kenya, zimo katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Mara nyingi watu husikia katika redio kwamba Jumuiya imetoa neno juu ya jambo fulani. Mara nyingine husikia kwamba Kenya, au Tanzania, imesema neno lake peke yake, mahali ambapo walidhani Jumuiya ndiyo ingesema. Jambo hili huwatatiza wengi. Je, nchi hizi zikutanapo na mataifa mengine, zina kinywa kimoja au vinywa vinane?

Jibu lategemea ni baraza gani, na ni shauri gani lililoletwa mbele yake. Yafaa kila mtu alielewe, kwa kuwa bei ya mazao ya mkulima na ushuru wa bidhaa zilizomo dukani mara nyingine hutoka katika mabaraza hayo.

JUMUIYA YENYEWE

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa sahihi mjini Arusha tarehe 30 Novemba, 1999, nao ulianza kutumika tarehe 7 Julai, 2000. Nchi za kwanza zilikuwa tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan ya Kusini mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Somalia ilikamilisha kuingia kwake mwezi wa Machi, 2024, na hivyo nchi zikawa nane. Makao makuu yako Arusha.

Chombo kikubwa kuliko vyote ni Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Maamuzi yake hufanywa kwa wote kukubaliana, wala si kwa kuhesabu kura. Nchi moja ikikataa, shauri husimama. Jambo hili lakumbukwe, maana ndilo shina la mengi yatakayoelezwa hapa chini.

Mkataba waipa Jumuiya nafsi ya kisheria, yaani yahesabiwa kuwa kama mtu mbele ya sheria. Yaweza kufanya mapatano, kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Lakini kuwa na nafsi ya kisheria si sawa na kupewa kiti katika baraza la wengine. Kila baraza la dunia lina sheria zake, nalo ndilo liamualo nani aketi, nani aseme, na nani apige kura. Mambo hayo matatu, kiti, neno na kura, hayaendi pamoja daima.

MFANO WA MWETHYA

Watu wa Ukambani wanayo desturi ya mwethya. Nyumba kadhaa hushikana kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, au kuchimba matuta ili mvua isiuchukue udongo. Katika kazi hiyo mwethya una kiongozi wake, na neno lake hufuatwa.

Lakini chifu akiita baraza, haiti mwethya. Huwaita wenye nyumba. Kiongozi wa mwethya aweza kuruhusiwa kusimama na kueleza fikira za kundi, na watu humsikiliza kwa heshima. Ila mikono ikiinuliwa, kila mwenye nyumba huinua wake mwenyewe, naye aweza hata kuinua kinyume cha jirani aliyelima naye jana. Hali ya Jumuiya katika mabaraza mengi ya dunia ni kama hiyo.

KATIKA UMOJA WA MATAIFA

Umoja wa Mataifa ni umoja wa nchi, wala si wa jumuiya. Kwa hiyo katika Baraza Kuu lake huko New York nchi nane za Afrika ya Mashariki zina viti vinane na kura nane. Jumuiya yenyewe ilipewa nafasi ya mtazamaji kwa azimio la Baraza Kuu la tarehe 9 Desemba, 2003. Mtazamaji huingia barazani, husikiliza, na huweza kusema baada ya wanachama, lakini hapigi kura. Ana mahali pa kukaa, na ana neno, kura hana.

Jinsi kura zinavyoweza kuachana ilionekana tarehe 2 Machi, 2022, Baraza Kuu lilipopiga kura juu ya vita vya Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake, 5 zilikataa, na 35 hazikuelemea upande wowote. Wakati huo Jumuiya ilikuwa na nchi sita. Kenya na Rwanda ziliunga mkono. Uganda, Tanzania, Burundi na Sudan ya Kusini hazikuelemea upande. Hakuna iliyovunja Mkataba wa Jumuiya kwa kufanya hivyo; kila moja ilitumia kura iliyo yake.

Vivyo hivyo katika Baraza la Usalama. Kenya ilikaa humo mwaka 2021 na 2022, na Somalia ilichaguliwa kukaa mwaka 2025 na 2026. Viti hivyo hugawanywa kwa mabara, na nchi hizo ziliingia kwa fungu la Afrika. Hakuna kiti cha Jumuiya ya Afrika ya Mashariki katika Baraza la Usalama.

KATIKA MAMBO YA BIASHARA

Katika biashara mambo ni tofauti, na sababu yake yaonekana barabarani. Mapatano ya Umoja wa Forodha yalitiwa sahihi tarehe 2 Machi, 2004, nayo yakaanza kutumika tarehe 1 Januari, 2005. Maana yake ni kwamba bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya zatozwa ushuru ulio mmoja, ziingie kwa bandari ya Mombasa, au ya Dar es Salaam, au kwa uwanja wa ndege wa Entebbe. Mali ghafi kwa kawaida haitozwi kitu, vitu vilivyotengenezwa nusu vyatozwa asilimia 10, na vilivyokamilika asilimia 25. Tangu tarehe 1 Julai, 2022, liliongezwa fungu la nne la asilimia 35 kwa baadhi ya vitu ambavyo viwanda vya hapa vyaweza kuvitengeneza.

Sasa na tutazame. Kama Kenya ingepatana peke yake na nchi ya ng'ambo kwamba nguo za nchi hiyo ziingie bila ushuru, nguo hizo zingeshushwa Mombasa, zingepita Sultan Hamud, na zingefika Kampala. Uganda ingekosa ushuru wake, na mafundi wake wangekosa wanunuzi, ilhali haikuulizwa neno. Ndiyo sababu watu walioweka ushuru mmoja hawana budi kwenda pamoja penye majadiliano ya ushuru.

Hata hivyo, katika Shirika la Biashara Duniani, lenye makao Geneva, kiti si cha Jumuiya. Kenya, Uganda, Tanzania, Burundi, Rwanda na Kongo ni wanachama, kila moja kwa jina lake. Sudan ya Kusini na Somalia zilikuwa bado katika kuomba kuingia mwaka 2024 ulipokwisha. Basi hapo Jumuiya hutegemea mabalozi wa nchi zake kukutana na kushauriana kabla ya kikao, ili wasije wakapingana mbele ya wageni.

Umoja wa Ulaya ulichukua njia nyingine. Wenyewe ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu tarehe 1 Januari, 1995, pamoja na nchi zake, na mjumbe wake ndiye asemaye kwa niaba ya zote. Pia uliingia katika Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1991. Sheria ya shirika hilo ni kwamba Umoja ukipiga kura, kura yake yahesabiwa sawa na idadi ya nchi zake, na nchi zenyewe hunyamaza. Na nchi zikipiga, Umoja hunyamaza. Hakuna anayehesabiwa mara mbili. Lakini nchi za Ulaya zilipata nafasi hiyo kwa kukubali kwanza kumpa mjumbe mmoja mamlaka ya kweli juu ya biashara zao.

JAMBO HILI SI JIPYA

Wazee watakumbuka kwamba Afrika ya Mashariki ilikwisha kusema kwa sauti moja zamani. Mwaka 1955 Benki ya Dunia iliikopesha Halmashauri Kuu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, fedha za reli na bandari. Mkopaji hakuwa Kenya, wala Uganda, wala Tanganyika, bali chombo kilichozishika zote. Nchi hizo wakati huo zilikuwa chini ya Uingereza, na wananchi hawakuulizwa.

Baada ya uhuru, Jumuiya ya kwanza iliundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni, 1967. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Septemba, 1969, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi pamoja, mjini Arusha, mapatano ya biashara na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Zilikwenda tatu zikiwa upande mmoja wa meza. Lakini mwaka 1977 Jumuiya hiyo ilivunjika, na mgawanyo wa mali na madeni yake haukupatanwa mpaka mwaka 1984. Aliyekuwa amezoea kutuma barua moja Arusha alilazimika kutuma barua tatu.

MKATABA NA ULAYA, NA SOMO LAKE

Mfano mkubwa wa siku hizi ni mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya. Mwezi wa Novemba, 2007, nchi tano za Jumuiya zilikubaliana na Ulaya juu ya mapatano ya muda, ili mazao yao yaendelee kuingia huko bila ushuru. Kisha majadiliano ya mkataba kamili yakaendelea miaka mingi, nchi zote tano zikiwa kundi moja.

Ila haja zao hazikuwa sawa. Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikuwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma kabisa kwa maendeleo. Tangu mwaka 2001 nchi za orodha hiyo zaruhusiwa kupeleka Ulaya vitu vyote bila ushuru, isipokuwa silaha. Kwa hiyo mkataba ukichelewa, wao hawapotezi soko. Kenya haimo katika orodha hiyo. Mkataba ukichelewa, Kenya peke yake ndiyo itozwayo.

Na ndivyo ilivyotukia. Ulaya iliweka mwisho wa muda kuwa tarehe 1 Oktoba, 2014. Siku hiyo ilipofika mkataba haujakamilika, maua na mboga nyingi za Kenya zilianza kutozwa ushuru katika bandari za Ulaya. Mkulima wa Naivasha mwenye maua, au wa Kibwezi mwenye mboga za kuuzwa ng'ambo, hakuwa amekosa lolote. Mazao yake yalikuwa yale yale, na maji aliyomwagilia ni yale yale. Kilichobadilika ni karatasi iliyokuwa haijatiwa sahihi mbali sana na shamba lake. Majadiliano yalimalizika katikati ya mwezi ule, lakini ushuru haukuondolewa mpaka tarehe 25 Desemba.

Hata hapo shauri halikwisha. Tarehe 1 Septemba, 2016, Kenya na Rwanda zilitia sahihi mkataba huo huko Brussels. Nchi nyingine hazikutia. Tanzania ilisema kwamba kufungua mlango kwa bidhaa za Ulaya kungedhuru viwanda vyake vichanga, na Bunge lake likaunga mkono kukataa mwezi wa Novemba mwaka ule. Burundi nayo ilikuwa na ugomvi na Ulaya juu ya vikwazo ilivyowekewa. Kwa kuwa mkataba ulihitaji sahihi za wote, haukuweza kuanza.

Yafaa kusema kwa haki kwamba kila upande ulikuwa na hoja. Tanzania haikuwa na deni la kuuhatarisha ufundi wa watu wake ili kuokoa soko la jirani. Wala Kenya haikuweza kuwaambia wakulima wake wangoje bila mwisho. Mwisho wake, Mkutano wa Wakuu wa Nchi wa tarehe 27 Februari, 2021, uliruhusu nchi zilizo tayari zitangulie, na nyingine zifuate zitakapopenda. Kenya ikatia sahihi mkataba wake na Ulaya tarehe 18 Desemba, 2023, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Julai, 2024. Mlango uliachwa wazi kwa nchi nyingine za Jumuiya.

Somo ni kwamba sauti moja huwa na nguvu pale tu haja zinapopatanishwa nyumbani kabla ya safari. Zisipopatanishwa, umoja huo huo huweza kumfunga mmoja miguu wakati wengine hawaoni maumivu.

BENKI YA DUNIA NA UMOJA WA AFRIKA

Kuna mabaraza mengine ambamo nchi za Jumuiya zimetawanywa katika mafungu mbalimbali. Benki ya Dunia ina wakurugenzi 25, na nchi ndogo hukusanywa makundi makundi chini ya mkurugenzi mmoja. Nchi saba za Jumuiya zimo katika kundi moja la Kiafrika lenye nchi zaidi ya 20, pamoja na Ethiopia, Zambia, Msumbiji na nyinginezo. Kongo imo katika kundi jingine, ambamo nchi nyingi zasema Kifaransa. Basi barabara ikiombewa mkopo, wakurugenzi wawili ndio wasemao kwa nchi nane, na kila mmoja ana wengine wengi wa kuwasemea.

Umoja wa Afrika wenyewe waitambua Jumuiya kuwa moja ya jumuiya nane ambazo ni nguzo za umoja wa bara. Tangu mwaka 2019, katika mkutano wa Niamey, viongozi wa jumuiya hizo hukutana na viongozi wa Umoja wa Afrika katikati ya kila mwaka ili kugawana kazi. Hapo Jumuiya yaketi kwa jina lake. Lakini viti vya Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo hugawanywa kwa pande tano za Afrika, na upande wa mashariki si sawa na Jumuiya: Burundi na Kongo zahesabiwa upande wa kati, na Ethiopia, isiyo katika Jumuiya, yahesabiwa mashariki.

Tena nchi moja huweza kuwa katika jumuiya mbili au tatu. Tanzania na Kongo zimo pia katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Taabu yake ilionekana katika vita vya mashariki ya Kongo. Majeshi ya Afrika ya Mashariki yaliingia huko Novemba, 2022, yakatoka Desemba, 2023, na majeshi ya jumuiya ya kusini yakaingia mahali pake. Tarehe 8 Februari, 2025, ilibidi jumuiya zote mbili zikutane Dar es Salaam ili zitafute neno moja, maana watu wa Goma hawakuwa na haja ya wapatanishi wawili wenye maneno mawili.

YAMPASAYO MWANANCHI

Wengine watasema mambo haya ni ya mabalozi, wala hayamhusu mlima ndengu wa Kitui. Sivyo. Kila nchi huchagua wajumbe 9 wa Bunge la Afrika ya Mashariki, nao huchaguliwa na Bunge la nchi, ambalo wananchi ndio walichaguao. Mbunge aombaye kura Mbooni au Mwingi aweza kuulizwa mjumbe gani alimpigia kura aende Arusha, na kwa sababu gani.

Tena mtu asikiapo habari ya kwamba Jumuiya imesema jambo fulani ng'ambo, ajiulize mambo machache. Katika baraza hilo Jumuiya ina kiti chake, au yatazama tu? Aliyesema, alisema kwa niaba ya wote, au kwa nchi yake? Na wale wote walikubaliana lini, na nani angepata hasara kama wangechelewa? Mwenye kujua majibu hayo hatadanganywa na habari kubwa zisizo na kitu ndani, wala hatadharau habari ndogo ambayo yaweza kumwongezea ushuru wa mbolea yake msimu ujao.